Ploti Hii Haiuzwi

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu nilitoka nyumbani nikakuta njia yangu imefungwa. Jana yake ilikuwapo: ukanda wa vumbi, upana wa mtu na kivuli chake, uliokata ploti tatu tupu ukatokea karibu na lami. Nilikuwa nimeipita kwa miaka kumi na tatu, usiku na mchana, bila kujiuliza hata siku moja ni ya nani. Sasa nguzo za saruji zilikuwa zimepangwa kwa safu, seng'enge imevutwa nyuzi tano, na kwenye ukuta mfupi wa mawe mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu iliyokuwa bado inachuruzika: PLOTI HII HAIUZWI.

Upande wa pili wa nyaya alisimama mama mmoja wa Kimaasai ambaye tumesalimiana miaka yote hiyo bila kuulizana majina. Alikuwa na punda wake wanne, kila mmoja na mitungi ya manjano ya maji imefungwa ubavuni.

"Takwenya, yeyo," nikamwamkia.

"Iko."

"Wamefunga?"

"Wamefunga." Akamtazama punda wa mbele, aliyekuwa ameegemeza pua kwenye uzi wa juu kama anayesoma maandishi. "Huyu hataki kuzunguka. Anasema njia ni hii."

Tukazunguka hata hivyo, mimi nikienda lami, yeye akirudi ndani, kila mtu kwa upande wake wa waya, mpaka tukakutana kwenye kona ambako ua uliishia. Nilifika steji nimechelewa dakika ishirini na tano.

Siku hizi husomi gazeti bila kukutana na habari za namna tutakavyosafiri kesho. Magari yanajiendesha yenyewe, ndege ndogo za umeme zinapaa juu ya mapaa, simu inakuitia chombo kabla hujavaa kiatu. Sina ugomvi na habari hizo. Nimeishi vya kutosha kuona mambo yaliyochekwa yakitimia. Ila asubuhi ile, nikiwa na miiba ya migunga kwenye pindo la sketi, niligundua kwamba zote ni habari za chombo. Hakuna iliyouliza kitapita wapi.

Makanga wa Nairobi haiti Noonkopir. Anaita "Kite! Kite! Kite!" huku akigonga bati la gari nambari 110, na abiria wanajua. Kitengela ni jina la mto na la nyanda nzima. Mji wenyewe, pale penye mabenki na soko na makelele, uliandikwa katika vitabu vya serikali kama Noonkopir, jina la Kimaasai ambalo sasa limejibanza kwenye vibao vya shule, kwenye mtaa mmoja na katika vinywa vya wazee. Nililitumia siku moja kumwelekeza fundi wa maji aliyetoka Nairobi akadhani namtuma Narok.

Mji huu haukukua kwa sababu ya uzuri wake. Mwaka 1990 sheria ya viwanda vya kuuza nje ilipitishwa, na eneo la EPZ likajengwa Athi River, mwendo wa mguu kutoka hapa. Karibu na wakati huohuo ranchi ya pamoja ya Wamaasai ilikuwa imegawanywa, kila mwanachama na kipande chake na cheti chake cha shamba. Kipande kikauzwa kikawa ekari kumi, ekari kumi zikawa ekari, na ekari ikawa ploti za hamsini kwa mia. Sisi tuliochoshwa na kodi za Nairobi tukaja na akiba zetu. Tangazo nililonunulia mimi lilisema "dakika kumi kutoka lami". Halikusema dakika kumi za nini. Nimejaribu kwa miguu, kwa boda boda, kwa tuktuk, na siku moja nikiwa na homa kali kwa Probox ya jirani. Nimehitimisha kwamba wakala aliipima kwa kuiangalia kwenye ramani.

Wapimaji waliacha barabara kwenye michoro, hilo niliseme wasije wakanilaumu. Mita sita hapa, mita tisa pale. Lakini mchoro unaishia kwenye mpaka wa kipande kilichogawanywa, na jirani aliyegawanya kipande chake miaka mitano baadaye alichora barabara zake zikielekea kwingine. Kwa hiyo unafuata barabara ya mita tisa, pana na nzuri, inakufikisha kwenye ukuta wa mtu. Sisi wakazi tulitatua jambo hilo kwa kupita kwenye ploti ambazo hazijajengwa. Kwa miaka mingi mji mzima wa ndani ulikuwa ukitembea juu ya uvivu wa watu waliokuwa hawajapata fedha za kujenga. Kila anayepata fedha anajifungia, na kila anayejifungia anaurefushia mtaa mzima mwendo.

Hesabu yake iko kwenye nauli. Kutoka mjini Nairobi hadi Kitengela ni kama kilomita thelathini, nami siku ya kawaida nalipa soo, yaani shilingi mia. Mvua ikinyesha au jioni ikiwa mbaya, soo na nusu, na makanga hakutazami usoni anapoitaja. Nikishuka steji, boda boda wa kunifikisha nyumbani, kilomita tatu na ushee, anataka soo nyingine, kwa kuwa lazima azunguke. Yaani nyumba yangu, kwa bei, iko katikati ya safari. Usipokuwa na hiyo soo ya pili unatembea, na msimu wa mvua unatembea juu ya udongo mweusi ambao aliyeuzoea haudharau. Unashika kiatu kama deni. Pale steji kuna kioski kinachouza mkate na maziwa, lakini faida yake kubwa, nina hakika, ni rafu ya nyuma: jozi ishirini, thelathini za gambuti, kila moja na karatasi yenye jina. Asubuhi unafika na gambuti, unavaa viatu vya kazini, unaacha mbao, shilingi ishirini. Jioni unafanya kinyume. Nimewahi kuona mle viatu vya meneja wa benki vikiwa vimeegemeana na vya mwosha magari.

Matatu yenyewe ilizaliwa kwa hesabu kama hizi. Jina latokana na senti thelathini, vile vipande vitatu vya senti kumi kumi walivyolipa abiria wa Nairobi kwa magari mabovu yaliyobeba watu bila leseni mwishoni mwa ukoloni. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliyaruhusu yafanye kazi bila leseni ya mabasi, mwaka 2004 waziri wa uchukuzi John Michuki akayafunga mikanda na kuyachora mstari wa manjano, na mpaka leo kila serikali inaingia ikiahidi kuyanyoosha. Naona matatu inasemwa vibaya kuliko inavyostahili. Ndiyo iliyotufuata huku kabla ya mfereji wa maji na kabla ya nguzo ya umeme. Lakini inakoma kwenye lami.

Tangu Mei 2022 kuna swali jipya ndani ya gari. Tukikaribia Mlolongo, makanga anageuka: "Wazazi wangu, tunapita juu ama chini?" Juu ni ile barabara ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, sehemu yake ikiwa imepandishwa kwenye nguzo juu ya barabara ya zamani. Kupita juu kila abiria aongeze finje, shilingi hamsini. Hapo ndipo utaona bunge. Mwenye mtihani anataka juu. Mwenye mtoto mgonjwa anataka juu. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami alikataa kata kata: "Mimi nimelipa soo ya kwenda tauni, sijalipa ya kupaa." Wakamchangia. Tukapanda, na kwa robo saa hivi tuliteleza hewani kama watu wa nchi nyingine, huku chini yetu malori, mikokoteni na wenzetu wa gari lililotutangulia wakiwa wamesimama vilevile walivyosimama mwaka uliopita. Boda boda na tuktuk haziruhusiwi huko juu, na anayetembea ndiyo kabisa. Nilitazama chini nikaona kina mama wakivuka katikati ya nguzo na mizigo kichwani. Sikufurahia ule mwendo jinsi nilivyotarajia. Ila niseme ukweli: siku iliyofuata makanga alipouliza, nilikuwa wa kwanza kusema juu.

Iko njia nyingine iliyopandishwa kwenye nguzo, si mbali na hapa. Treni ya Mombasa ilipoanza kubeba abiria, tarehe 31 Mei 2017, ilikomea Syokimau. Kuendelea kwenda Naivasha ilibidi ipite ndani ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Palikuwa na kelele, kesi na maandamano. Mwishowe likajengwa daraja la kilomita kama sita kukatiza mbuga, ili wanyama wapite chini. Watu wengi walilichukia, na sina la kuwatetea wajenzi. Lakini nikilitazama jioni, twiga wakitembea taratibu kati ya nguzo, hunijia wazo lisilo la heshima: kuna mhandisi aliyekaa mezani akajiuliza twiga atapita wapi. Sijui kama kuna aliyejiuliza hivyo juu ya wale kina mama wa Mombasa Road.

Na nyumbu walipewa hata zaidi. Mbuga hiyo, iliyotangazwa mwaka 1946, imezungushiwa ua pande zote isipokuwa kusini, upande wetu. Mvua ikinyesha nyumbu na pundamilia walikuwa wakitoka kuja kuzalia kwenye nyanda hizi za Kitengela na Kaputiei, na kiangazi kikishika wanarudi mbugani kwenye maji. Walikuja kwa maelfu. Waliohamia hapa miaka ya themanini husimulia walivyosimamisha gari kwenye barabara ya Namanga wakazima injini, wakangoja. Nyua zilipozidi, mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba, kiasi cha dola nne kwa ekari kwa mwaka, mradi wasizungushe ua, wasiuze, wasilime. Ni mpango ninaouheshimu, na familia nyingi zililipia watoto karo kwa fedha hizo. Lakini bei ya ploti ilikwenda kwa lifti, ile ya nyasi kwa ngazi. Nyumbu sasa ni wachache mno, na ninakoishi mimi sijamwona hata mmoja tangu nihamie. Nilijenga juu ya njia yao. Siwezi kulalamikia seng'enge ya jirani bila kuitazama ya kwangu.

Wamaasai wenyewe waliliona jambo hili mapema kuliko mtu yeyote. Agosti 1904, Olonana, laibon wao mkuu, na wazee wenzake waliweka alama zao kwenye mkataba na Sir Donald Stewart, kamishna wa Uingereza. Reli ilikuwa imefika Nairobi miaka mitano kabla, na bonde zuri la katikati lilitakiwa na walowezi. Wamaasai wakakubali kugawanyika: wengine kaskazini Laikipia, wengine huku kusini mwa reli. Kati ya waliyodai, jambo moja liliandikwa: njia ya kuunganisha sehemu hizo mbili, upana wa nusu maili, pamoja na maji ya kunyweshea, ili watu na ng'ombe wapite. Nusu maili ni kama mita mia nane. Mkataba ukasema utadumu maadamu Wamaasai wapo. Njia ile haikutolewa kamwe kama ilivyoahidiwa, na mwaka 1911 ukaandikwa mkataba mwingine uliowahamisha wale wa Laikipia kuja kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi ilitupwa kwa hoja kwamba mkataba ule ulikuwa wa taifa na taifa, hivyo mahakama ya koloni haikuwa na la kusema juu yake.

Nafikiria mara nyingi wale wazee. Walikuwa wananyang'anywa nchi, na walichong'ang'ania kwenye karatasi kilikuwa upenyo. Mita mia nane. Mimi natafuta mbili.

Kwenye mipango ya mabasi ya kasi ya Nairobi, mistari mitano ilipewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Wetu ni Ndovu. Umechorwa kutoka Limuru, upite Kangemi na katikati ya jiji, ushuke Athi River hadi Kitengela. Nilipoona jina hilo nilicheka peke yangu, kwa kuwa ndovu hangoji kupangiwa njia; anapanga mwenyewe. Lakini ndovu wetu bado amelala kwenye makaratasi.

Wenzetu wa Dar es Salaam wameendelea. Mwendokasi ulianza kubeba watu Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na nilipokwenda kumwona binamu yangu Ubungo nilipanda kwa hamu ya mtoto. Nilisimama safari nzima, kwapa la mtu likiwa karibu na pua yangu, tena baada ya kungoja kituoni muda ambao hauendani na jina la basi. Ila basi lilipotoka, lilitoka. Pembeni daladala zilikuwa zimekwama kwenye foleni, sisi tukapita kwenye njia yetu tupu kama maji kwenye bomba. Basi lenyewe lilikuwa basi tu, chuma na viti. Maajabu yote yalikuwa kwenye ile njia tupu. Binamu yangu, ambaye ni mtu wa hesabu, alinikumbusha kwamba utupu ule ulikuwa na bei. Na mbele ya Kimara, mwaka 2017 barabara hiyohiyo ya Morogoro ilipokuwa ipanuliwe, nyumba zilipigwa alama ya X nyekundu, kisha tingatinga zikaja. Njia ukishaiuza, kuirudisha ni kubomoa. Kitengela bado kuna nafasi ya kuiacha bila kuvunja nyumba ya mtu, ingawa kila Jumamosi ninapoona lori la nguzo za saruji likiingia ndani, naona nafasi hiyo ikipungua.

Kijana anayenibeba jioni nyingi amehamia pikipiki ya umeme. Alikuja nayo mwaka jana, nyeupe, kimya kama paka, akanizungusha mtaa mzima bure ili nione.

"Haina mafuta, mathe. Haina kubadilisha oili. Nabadilisha betri tu, dakika mbili, naenda."

"Na kelele yako ya zamani nitakujuaje sasa ukija?"

"Hiyo ndiyo shida. Wateja hawanisikii. Juzi nimemshtua punda akamwaga maji ya watu."

Pikipiki hizi si ndoto tena. Zinaundwa Nairobi, na tangu mwaka 2022 kuna mabasi ya umeme yanayobeba abiria mle mjini. Umeme wetu karibu wote hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua, na kaunti yetu ina mchango wake: kule Kipeto, mbele ya Isinya, mitambo sitini ya upepo inazalisha megawati 100 na imekuwa ikifanya hivyo tangu 2021. Wazo hilo hunipendeza kupita kiasi. Upepo uleule unaotupiga mavumbi usoni Julai unasukuma pikipiki ya kijana wangu. Angalau kwa kipande cha safari.

Kwa kipande, nasema, maana kibanda cha kubadilishia betri kiko kwenye lami. Akiingia ndani kwangu na kutoka hana wasiwasi. Akipata mteja wa ndani zaidi, kule ambako nyumba zimeachana, anakataa. "Nikizunguka zile nyua zote na betri iko chini, italala na mimi kwa ng'ombe za watu." Zamani alikuwa akikata moja kwa moja, kilomita mbili zilikuwa mbili. Sasa zimekuwa nne. Chombo kimekuwa bora kuliko wakati wowote katika maisha yangu, na mwendo umerefuka.

Anayeshinda zote hizo kwa sasa ni punda. Hili nalisema bila utani. Anabeba maji kutoka kwenye visima, maana mifereji ya mji huu ina siku zake. Anavuta mkokoteni wa mawe, wa mchanga, wa vitanda vya watu wanaohama. Haogopi udongo mweusi. Hatafuti betri. Kwa Kimaasai ni osikiria, na kazi yake siku zote imekuwa ya upande wa wanawake, ndiyo sababu, nadhani, hakuna kiongozi aliyewahi kukata utepe kwa ajili yake. Yalipofunguliwa machinjio ya punda nchini ili ngozi zao zipelekwe China, punda walianza kuibwa usiku, na asubuhi mtu alikuta mifupa kichakani. Serikali iliyafunga mwaka 2020, mahakama ikaruhusu mwaka uliofuata, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara hiyo ya ngozi bara zima. Kwa wengi ilikuwa habari ndogo ya ukurasa wa ndani. Kwa yule mama wa mitungi minane ilikuwa habari ya usafiri, kubwa kuliko ya treni.

Kisha kuna wanaotembea, ambao hawaingii kwenye mazungumzo ya kesho kabisa, kana kwamba miguu ni ugonjwa utakaopona. Simama kwenye barabara ya Namanga saa kumi na moja na nusu alfajiri. Utaona wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya EPZ, wengi wasichana, wakienda kwa makundi kwa sababu ya giza, leso mabegani, wakicheka kwa sauti ya juu ili atakayetaka kuwavamia ajue ni wengi. Wanatembea kwenye ukingo wa lami, malori ya kwenda Arusha yakiwapuliza. Hawajakosa matatu. Wamepiga hesabu ya soo mara siku ishirini na sita. Ukiniuliza mimi chombo gani kiletwe kesho Noonkopir, nitaanza na mita mbili za lami pembeni ya barabara, na taa. Najua si jibu la gazeti. Halina picha ya kuvutia.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ina sehemu nzima juu ya haki ya umma ya kupita. Niliisoma baada ya ile asubuhi ya Machi, nikiwa na hasira, nikitumaini kupata silaha. Imeandikwa kwa utaratibu mzuri: maombi, ilani, fidia, tume. Niliwapelekea majirani kwenye kikundi chetu cha simu. Mmoja alijibu kwa kidole gumba. Mwingine aliuliza kama njia hiyo itachukua ploti ya nani, na kikundi kikanyamaza siku tatu.

Mwenye ile ploti alikuja mwezi wa tano, mvua ndefu ikiwa imeshika. Nilikuwa nikirudi kutoka steji na gambuti zangu nilipoona gari dogo jeusi limezama mpaka kwenye ekseli, magurudumu yakizunguka na kupaka matope ukuta wa watu. Kando yake alisimama bwana wa makamo, suti nzuri, simu mkononi, akiigeuza huku na huku kama dira iliyoharibika. Ramani ilikuwa ikimwonyesha barabara ya mita tisa. Mbele yake palikuwa na geti la mabati la jirani, limefungwa kwa kufuli, na nyuma ya geti hilo ndiko ilikokuwa barabara.

"Shikamoo mama," akaniamkia. Alikuwa na lafudhi ya mtu aliyekaa ng'ambo muda mrefu. "Samahani. Natafuta ploti yangu. Nilishafunga ua, nikaandika na ukutani. Hapa panapitwa wapi?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na hotuba ya miezi miwili, imekaa tayari kooni. Lakini kabla sijaanza nilisikia kengele, na yule mama akatokea kwenye kona na punda wake wanne, mitungi ikigongana. Aliangalia gari, akamwangalia bwana, akaniangalia mimi. Nikamweleza kwa ufupi. Akafikiri kidogo, akaelekeza fimbo yake kushoto, kwenye mwanya kati ya nyua mbili ambao mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuuona.

"Awafuate hawa," akaniambia, akimaanisha punda. "Lakini avue viatu."

Bwana akavua. Akakunja suruali mpaka magotini, akafunga kamba za viatu pamoja akavitundika shingoni, kisha akaingia kwenye mwanya nyuma ya punda wa mwisho, akiwa amenyanyua mikono juu ili mikono ya koti isinase kwenye waya.